Mtoto wa Kichwa Nguvu katika Ubeti wa Pili

Msichana ni nani? Nimechoka. Mwalimu wa hesabu ameniuliza. Mama anayeuza mikate ya mafuta mbele ya shule ameniuliza. Kinyozi alisimamisha mashine nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa na nusu haijanyolewa, akasema hataendelea mpaka nimtajie jina. Nikamtajia. Hakuamini. Akamaliza kazi kwa hasira, na masikio yangu ndiyo yaliyoona cha moto.

Kwa hiyo naandika mara moja tu kwa wote ambao hawakuwa kanisani siku ile, anayetaka asome, asiyetaka aendelee kuota. Ule wimbo wa mapenzi wa filamu iliyotengenezwa hapa Kamina, ambao wasichana wa darasani kwetu wanauimba wakiwa wamefumba macho, maneno yake niliyaandika mimi. Na mwanamke anayelalamika ndani ya wimbo, anayemngoja mpenzi wake hadi chakula kinapoa, ni mama mzazi wa baba yangu; nyanya kwetu huitwa kambo. Kambo. Hana meno mawili ya mbele, ananusa tumbaku, na akipiga chafya kuku wa jirani wanakimbia.

Kundi letu lina watu watatu. Mpiga gita yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, ni mrefu kama nguzo ya umeme, na maneno yake ni machache kama umeme wenyewe. Mpiga batri, yaani ngoma za bendi, ni msichana, binti wa mwanajeshi wa Base, kambi ya jeshi ya hapa, anazipiga ngoma zile kana kwamba zimemtukana mama yake. Mimi naimba, kwa sababu kila chombo nilichoshika waliniomba nikiweke chini.

Watu wanauliza rock tulijifunza wapi. Hatukujifunza popote. Bafle la kanisa, lile sanduku kubwa la kutolea sauti, lilipasuka ndani, na tangu siku hiyo gita lolote ukilichomeka linatoka likinguruma kama mbwa mwenye mfupa. Kwaya ikalikataa. Wazee wakasikitika. Sisi tukalisikiliza mara moja, tukatazamana, mpiga batri akasema, "Bo! Hii njo rock." Basi. Hiyo ndiyo historia yote ya rock ya Kamina. Chumba cha vyombo vya muziki vya kanisa tuliruhusiwa kukitumia baada ya shule, na ufunguo wake alikuwa nao baba yangu, ambaye ni karani siku za kazi na rais wa kwaya siku ya Bwana, na siku zote saba ni mtu asiyecheka.

Mtengeneza filamu ni kijana wa hapa hapa aliyekwenda kusoma Lubumbashi akarudi na kamera, kofia, na tabia ya kukutazama kwa jicho moja. Filamu yake ilikuwa ya karani wa stesheni anayempenda muuzaji wa samaki wakavu. Mwanamke anakuja na treni ya Bukama, anauza samaki, anaondoka, karani anabaki na harufu. Ni ya kuhuzunisha sana. Alitukuta tukinguruma mle chumbani, akafumba jicho, akasema:

"Batoto, ninatafuta wimbo ya mapenzi. Lakini ya kweli. Sitaki 'ua langu, asali yangu.' Ninataka maneno ya muntu mwenye anapenda vraiment. Juma yenye inakuya ninarekodi. Kama hamuna kitu, nitachukua wimbo mu internet."

Wimbo wa internet! Filamu yenye stesheni yetu, vumbi letu, samaki wetu, halafu aimbe mtu ambaye hajui hata Kamina iko upande gani! Tuliapa wimbo utakuwa wetu. Kazi ya maneno nikapewa mimi, kwa sababu ndimi ninayetunga mashairi ya kuwacheka walimu. Walidhani ni kazi ileile.

Shida yangu ilikuwa moja: sikuwa nimempenda mtu. Niliwahi kumpenda msichana mmoja wa mwaka wa tatu kuanzia kipindi cha jiografia mpaka mapumziko, kisha akaicheka suruali yangu, tukaishia hapo. Nikaandika hivyo hivyo. Nikawaletea wenzangu mstari wangu wa kwanza: "Macho yako ni taa za treni ya mizigo."

"Iko mwanamuke ao iko locomotive?" akauliza mpiga batri.

"Treni," akajibu mpiga gita. Hilo ndilo neno lake la siku ile.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama yangu mzazi alikuwa Kabongo kwa dada yake aliyejifungua, ndiyo maana katika habari hii yote hakuna mtu mwenye akili wa kutuokoa. Kambo alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuniangalia.

"Eh, bwana yangu. Umekumbuka kama uko na nyumba? Bukari inapoa. Nilifunika na sahani, nilifunika na kitambaa, nikasema nile kidogo pekee yangu, shingo ikakataa."

"Nilikuwa ku repetisyo ya wimbo, bibi yangu."

"Huyu Repetisyo iko muzuri kunipita?"

"Iko na meno yote."

"Meno njo itakupikia?"

Kwa msomaji wa mbali nieleze, wa karibu aruke mstari: bukari ni ugali, njo ni ndiyo, minyi ni mimi. Kwetu Baluba mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake. Si mchezo wa siku moja. Tangu naanza kutembea ananiita bwana, ananinunia nikichelewa, ananiuliza kwa nini simletei nyama kama waume wa wenzake. Mimi namwita bibi yangu, yaani mke wangu, namtisha kwamba nitaoa mwingine. Watu wote wanajua, hakuna anayeshangaa. Na ukifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, baba yangu, yule karani, rais wa kwaya, ni mtoto wetu.

Siku hiyo mtoto wetu alikuwa amefanya kosa. Alikuwa ameifungia tumbaku ya Kambo kabatini, kwa sababu mama wa rais wa kwaya hawezi kukaa anapiga chafya katikati ya mahubiri.

"Na ule mutoto tulizala, bwana," Kambo akaendelea, akirusha mabua ya sombe kwa nguvu, "iko kichwa nguvu. Hasikie muntu. Pekee yangu sitamuweza. Rudia nyumbani, tumukomeshe pamoja."

Kichwa nguvu ndivyo tunavyomwita mkaidi. Nilikuwa nimefungua kinywa nimjibu kwa mzaha wangu wa kawaida, kinywa kikabaki wazi. Nikachomoa kalamu mfukoni. Karatasi sikuwa nayo, nikaandika mkononi, na ubeti wa pili ukaishia kwenye kiwiko.

*Bukari inapoa, bwana, bukari inapoa,*
*nimeifunika na sahani, nimeifunika na kitambaa,*
*nikila pekee yangu shingo inakataa.*

*Na mtoto tuliyezaa, bwana, ni kichwa nguvu,*
*pekee yangu simwezi, hasikii la mtu,*
*rudi nyumbani, bwana, tumlee pamoja.*

Mpiga gita alisikiliza, akatafuta sauti tatu, akasema, "Ndiyo." Kwake hiyo ni hotuba. Mpiga batri alisema anamwonea huruma huyo mwanamke, ni nani? Nilipomwambia alianguka kutoka kwenye kiti. Mtengeneza filamu alikuja, akafumba macho yote mawili, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akasema, "Ubeti wa pili njo filme yote. Musiguse kitu."

Sasa sikia ujinga wetu. Mpiga gita alikuwa na wazo, wazo lake pekee mwaka huu: kwenye ubeti wa pili gita linyamaze, batri inyamaze, ibaki sauti yangu tupu. Inachoma moyo, kweli. Lakini nyuma ya chumba cha vyombo, kila Alhamisi, wamama wa kanisa wanakutana. Ubeti wa kwanza walisikia kunguruma tu. Kiitikio, kunguruma. Halafu kimya, halafu mimi, mwana wa rais wa kwaya, mwanafunzi, naimba kwa machozi juu ya mtoto tuliyezaa.

Jumamosi mtoto wangu alikuwa ameshakuwa wa kiume. Jumapili alikuwa ameshaanza kufanana na mimi. Na kwa kuwa katika kundi letu kuna msichana mmoja tu, hawakuhitaji kutafuta mama yake mbali.

Mpiga batri alinikuta mbele ya shule, uso umemvimba kwa hasira.

"Weye! Mama yangu ananiangalia tumbo kila asubuhi kama muntu anaangalia muhogo kama imeiva! Banauliza mutoto nimemuficha wapi! Papa yangu iko soldat, unajua maana yake?"

"Ninajua."

"Haujue. Banasema sipige tena batri mpaka mambo inakwisha. Maliza mambo!"

"Nitabaambia bantu kama ni Kambo."

"Weye?" Alicheka kicheko kibaya. "Weye ukisema leo ni Jumatatu, bantu banaenda kuangalia kalendari."

Hapo alisema kweli, na ilinikera zaidi kwa kuwa kweli. Mtu aliyewahi kulitangazia darasa zima kwamba mkuu wa shule ameokoka na mitihani imefutwa hawezi tena kuaminiwa hata akiwa anaungua moto.

Baba alikuwa ameshafunga chumba cha vyombo. Jioni aliniita sebuleni. Aliikunja leso yake mara nne, akaiweka mezani.

"Kaa. Huyu mutoto iko wapi?"

"Papa, iko hapa mu nyumba."

Akainama akaangalia chini ya meza. Naapa.

"Unanichezea?"

"Hapana, papa. Wimbo ni maneno ya Kambo. Nimechukua vile anasema. Bwana njo minyi."

"Na mutoto?"

"Mutoto…" Nikaangalia mlango uko umbali gani. "Mutoto njo ule mwenye alifunga tumbako mu kabati."

Yeye naye alikuwa mume wa nyanya yake zamani, hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Niliona furaha inamwingia usoni, kwamba hakuna mimba, hakuna mwanajeshi wa kuja na ndugu zake. Halafu nikaona furaha inamtoka.

"Minyi? Kichwa nguvu? Mu bafle ya kanisa?"

"Wewe haujatajwa jina, papa."

"Utatoa ule ubeti. Ukitoa, nitawapa ufunguo. Usipotoa, aimbe internet."

Kesho yake baada ya shule mtengeneza filamu alikuja na kofia yake, akisema siku zake za kurekodi zinakwisha na hataki wimbo uliokatwa mguu. Mpiga gita alikuja naye, akasimama mlangoni kama mwimo. Mpiga batri akaja nyuma yao bila ruhusa ya kwao. Huyo ndiye aliyeongea.

"Papa, pole, siko muntu wa kukufundisha. Lakini ukitoa ubeti, bantu batasema nini? Batasema ilikuwa kweli. Batasema: munaona, rais wa kwaya amemuficha mujukuu wake. Na minyi njo nitakuwa nimemuzala, mpaka nazeeka."

Baba akachomoa leso, akaikunja mara nne. Mtego ulikuwa umekamilika pande zote. Ukibaki ubeti, yeye ni mtoto mkaidi. Ukiondoka, mwanawe ni baba wa mtoto. Nami niliketi pale nikiwaza kwamba kwa mara ya kwanza maishani nimeleta balaa bila hata kukusudia kuchekesha. Inaumiza.

Ndipo Kambo akaingia, mikono ya kijani kwa sombe.

"Nani anagombeza bwana yangu?"

"Mama, tafadhali, hapa ni mambo ya maana."

"Weye mutoto, njo vile unasema na baba yako?" Akaninyooshea kidole mimi. "Simama ukimuongelesha!"

"Mama!"

"Munaona?" akawageukia wageni, kwa huzuni ya mama aliyechoka. "Njo vile iko tangu mudogo."

Mtengeneza filamu alijificha uso kwa kofia. Mpiga batri alikuwa anajiuma mkono. Kambo akaketi bila kukaribishwa.

"Sikia, mwana wangu," akasema, na sauti ilikuwa nyingine, mzaha ulikuwa umetoka. "Ule binti ya bantu anaitwa vile haiko. Na huyu wangu wa uwongo-uwongo, hata akilia hawatamuamini. Lakini weye ukisema, banaamini. Hivi vyote nilikusomesha, ilikuwa juu ya nini?"

Baba alimtazama mpiga batri. Kisha akachukua leso yake akaikunjua mikunjo yote, akaondoka. Hatukujua ni ndiyo au ni hapana. Jumamosi ikapita. Mtengeneza filamu akatutumia ujumbe kwamba ameshachagua wimbo wa internet, ni mzuri, una vinanda. Nilitamani kuipiga simu yangu teke.

Jumapili baba alipanda mbele kusoma matangazo kama kawaida. Kwaya itajifunza Jumatano. Mbuzi mweusi mwenye kamba amepotea, aliyemwona aseme. Halafu akakunja karatasi. Nikaona leso inatoka.

"Tena kuna mutoto mwenye bantu banamutafuta mu parokia," akasema kwa sauti ileile ya kumtangaza mbuzi. "Basimutafute tena. Hakuna binti mwenye alizala. Wimbo ya ile filme, ni maneno ya mama yangu na mujukuu wake, bwana yake. Mutoto mwenye banaimba," akaikunja leso, "njo minyi."

Tukasikia bati likilia kwa joto. Rais wa wamama akainuka polepole.

"Papa, tusikie vizuri. Weye njo kichwa nguvu?"

"Mama yangu anasema hivyo."

"Aseme na juu ya tumbako!" Kambo akapiga kelele kutoka benchi la tatu.

Hapo ilikwisha. Wamama walilala juu ya mabega ya wenzao. Wazee walipiga benchi kwa viganja. Mchungaji alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka. Nyuma kabisa nilimwona mama wa mpiga batri anacheka huku anafuta macho, na binti yake kando amenyoosha shingo, anawatazama mmoja mmoja wale waliokuwa wamemsema, bila kucheka hata kidogo.

Baba alishuka, akapita mbele yangu, akaniachia ufunguo magotini bila kunitazama. Nilikimbia na nguo za kanisa mpaka kwa mtengeneza filamu. Nilimkuta ameshaanza kuunganisha vile vinanda vyake. Nilimwambia avitoe. Akasema haniamini. Bila shaka! Ikabidi mpiga gita, aliyenifuata kwa hatua zake ndefu, aseme: "Ni kweli. Rekodi." Maneno matatu. Alihitaji kupumzika baadaye.

Tulirekodi tukiwa tumeziba madirisha kwa magodoro, na filamu ikaonyeshwa mchana katika ukumbi uliozibwa kwa mablanketi. Watu walijaa hadi mlangoni. Ile sehemu ya huzuni ikafika: treni imeondoka, karani amesimama peke yake, ameshika samaki mmoja. Gita letu likanguruma. Bukari inapoa, bwana. Nikasikia wanawake wanavuta makamasi. Nikasema moyoni, tumeshinda.

Halafu gita likanyamaza kwa ajili ya ubeti wa pili, na ukumbi mzima, vichwa vyote, ukageuka kumtazama baba yangu.

Vicheko vilianzia mbele vikafika mlangoni vikarudi. Yule karani wa filamu analia peke yake ukutani, hakuna anayemtazama. "Rudisha!" wakapiga kelele. "Rudisha pale pa mutoto!" Mtengeneza filamu alisimama juu ya kiti. "Hii ni filme ya huzuni!" akalia. "Ya huzuni!" Walimlazimisha arudishe. Akairudisha huku anatafuna ukingo wa kofia. Baba alikaa wima muda wote, uso mbele, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Wimbo wetu uliingia, basi. Ndivyo ulivyoingia.

Asubuhi yake nilikuwa navaa niende shule. Baba akasimama mlangoni mwa chumba changu, ameshika viatu vyake.

"Papa," akasema.

Niligeuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

"Papa, viatu ya mutoto wako iko na vumbi. Atachelewa ku kazi."

Nilimtazama usoni nitafute tabasamu. Hakuna. Uso wa matangazo uleule. Miaka yote naishi na mtu huyu, sikuwahi kujua kwamba ana silaha hii.

"Papa yangu, unacheza?"

"Minyi niko mutoto tu. Mutoto anajua nini?" Akaviweka viatu miguuni pangu, na brashi juu yake. "Banasema nilelewe."

"Lea mutoto, bwana yangu!" Kambo akaitikia kutoka nyuma ya nyumba, na chafya moja kubwa ikafuata, nikajua kabati limefunguliwa.

Nikaketi nikaanza kupiga brashi, shule yangu inanipita. Nilipomaliza kiatu cha kwanza nikasikia tena ile sauti, ya upole, yenye heshima yote ya mtoto mwema.

"Papa? Na shati."